Naomba ushauri: jalada la jarida, filamu ya mapenzi na vichekesho

Hamjambo wenzangu. Natengeneza jalada la mbele la jarida la filamu, ukubwa wa A4. Habari kuu ni filamu ya mapenzi yenye vichekesho. Picha tuliipigia Mji wa Kale, hapa Mombasa: msichana na mvulana wamepeana migongo mbele ya mlango wa nakshi, msichana anacheka, mvulana amenuna. Naipenda mno picha hii.

Shida ni jina la jarida. Mlango ni wa kahawia iliyokoza, na jina nikiliweka jekundu linazama. Jeupe linasomeka, lakini jalada lote linageuka kuwa la filamu ya huzuni. Nimejaribu kuwakata wahusika na kuwaweka juu ya rangi ya waridi tupu. Ucheshi ukarudi, Mombasa ikapotea, na hilo silitaki kabisa.

Tena kichwa cha msichana kinafunika herufi mbili za jina. Majarida makubwa hufanya hivyo, ila yale yanajulikana tayari. Letu ni toleo la kwanza.

Naombeni mnisaidie: nikibakisha mlango, maandishi niyape rangi gani? Na herufi ziachwe zifunikwe, au nimshushe msichana? Kumbukeni litachapishwa kwa CMYK, yaani wino wa rangi nne za uchapishaji, kwa hivyo rangi zinazowaka kwenye skrini zitafifia karatasini. Natanguliza shukrani.