Giaboksi ya otomatiki inachelewa kushika gia: nianzie wapi?

Muulizaji, Tabora Mjini:
Ndugu zangu, habari za kazi. Gari langu la familia la viti vinane, lililotumika Japani kabla ya kuletwa nchini, huchelewa kushika gia asubuhi ninapoweka D, na likishapata moto, hasa likiwa na abiria kwenye barabara ya Nzega, injini hunguruma kwa nguvu bila mwendo kuongezeka. Fundi mmoja ananishauri ninunue giaboksi nyingine iliyotumika. Je, ni sahihi kufikia huko kabla ya vipimo?

Fundi, Kigoma:
Hapana, ndugu yangu, usinunue kwanza. Anza na oili ya giaboksi. Kama gari lina kijiti cha kupimia, lisimamishe mahali tambarare likiwa limepata moto, pitisha gia zote huku umekanyaga breki, rudisha P, kisha pima injini ikiwaka. Oili ikipungua, pampu hufyonza hewa, shinikizo hushuka na klachi za ndani huteleza. Hilo peke yake linaweza kuleta dalili zote ulizozitaja. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, klachi zimeanza kulika, na oili mpya haitazirudisha.

Dereva, Urambo:
Naongeza kwamba gari lipimwe pia kwa kompyuta, kwa kuwa solenoidi (vali ya umeme inayoongoza oili ndani ya giaboksi) au waya mbovu huweza kuleta dalili zilezile. Tafadhali hakikisha aina ya oili, maana giaboksi ya CVT, yaani otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua, ina oili yake, na ile ya kawaida huiharibu.