Kidonge tu kwa saratani ya damu?

Mama Neema: Wakuu, mjomba ana saratani ya damu ile sugu, CML. Daktari kamwandikia imatinibu, kidonge kila siku. Hakuna dripu, hakuna mionzi. Si masihara haya?

Fundi wa Maabara: Si masihara, dada. Brian Druker, daktari wa Oregon, Marekani, alianza kuijaribu kwa wagonjwa mwaka 1998. Kati ya 54 waliopewa miligramu 300 au zaidi, damu ya 53 ilirudi kawaida! Inaziba kimeng'enya kibovu, BCR-ABL, kinachoamuru seli nyeupe zizaliane ovyo. (Kemia yenyewe ilitoka kampuni ya dawa ya Ciba-Geigy, Uswisi, sifa wagawane.)

Mama Neema: Akipata nafuu aache?

Fundi wa Maabara: Thubutu! Asiache bila daktari wake. Na kipimo cha damu cha kufuatilia BCR-ABL asikiruke.

Chausiku: Awe anakunywa na chakula, tumbo husumbua.