Mdogo wangu anapenda wanaume, na anajichukia. Nimsaidie vipi?

DadaWaNgambo
Assalaam alaykum. Mdogo wangu ana miaka 20, tupo Unguja. Kaniambia anavutiwa na wanaume wenzake. Anajichukia kwa hilo na kwa weusi wake pia, kaanza mkorogo. Anataka kumwambia mama. Amwambie?

BiKarafuu
Wa alaykum salaam dada. La mama liwekwe kando kwanza. Kujikubali na kujitangaza ni mambo mawili, na wengi huanza na la pili: anamwambia mzazi ili akikubaliwa naye apate kujikubali, akikataliwa hana pa kushika. Tena kulala na mwanamume mwenzake ni jinai hapa Zanzibar, na Bara kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinafika hadi maisha jela. Kabla ya kusema nyumbani awe na pa kulala wiki mbili tatu akifukuzwa, chochote cha kujikimu, na vyeti vya skuli na kitambulisho avishike mwenyewe. Asiseme kwenye ugomvi, wala kwa meseji, meseji husambazwa.

Kwa mganga msimpeleke, nakusihi. Shirika la Afya Duniani liliyatoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya maradhi mwaka 1990. Anayelazimishwa "kutibiwa" kila asipobadilika hudhani kosa ni lake, na aibu inazidi.

MpembaWete
Hilo la rangi msilipuuze, aibu hizi mbili hulishana. Mkorogo usio na lebo auache leo, maana ukiwa na zebaki huharibu figo. Ukiwa na steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, akiacha ngozi huwaka na kuwasha, ndipo wengi hurudia wakidhani bila mkorogo ngozi haikai. Aonane na daktari wa ngozi, aende na kopo lenyewe.

Kisha daftari, dakika 10, mchana. Usiku mawazo huvimba. Aandike tusi analojitukana, neno kwa neno. Chini yake: nani alilisema mwanzo, skuli au barazani? Chini tena: rafiki yake angekuwa hivyo, angemwambia nini? Hapo kwenye mstari wa tatu ndipo wengi hukwama, maana huruma anayo kwa kila mtu ila nafsi yake. Akae hapo hapo, asiruke. Akimaliza achane karatasi, nyumba ina watu.

Na amjue Bayard Rustin, mweusi aliyependa wanaume, mratibu wa maandamano ya Washington ya 1963 ya kudai haki za weusi wa Marekani. Amjue Simon Nkoli, aliyepigana na ubaguzi wa rangi Afrika Kusini na kuongoza matembezi ya fahari (Pride) ya wapenda jinsia moja Johannesburg mwaka 1990. Binyavanga Wainaina, mwandishi wa Kenya, alijitangaza Januari 2014. Asidanganywe kwamba mtu mweusi hawi hivi.

DadaWaNgambo
Ahsanteni sana. Na shangazi wanaouliza ataoa lini?

BiKarafuu
Jibu moja fupi, lile lile kila mara: "Nitafute kazi kwanza, shangazi." Akirefusha maelezo ndipo anapohojiwa.

MpembaWete
Simu pia: afiche maandishi ya meseji kwenye skrini iliyofungwa, na picha za WhatsApp zisijihifadhi zenyewe. Akitishiwa kuvujishiwa picha asilipe, anayelipwa hurudi. Ahifadhi ushahidi, kisha amzuie (block) kwenye simu.

Dada, akikosa usingizi wiki mbili au akitaja kufa, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kidongo Chekundu, hospitali ya akili hapa Unguja, jina linaogopwa, lakini wauguzi wa akili wapo pale, na anaweza kusema hana raha na hapati usingizi bila kueleza anampenda nani.