Watoto wawili wenye selimundu ile ile, maisha mawili tofauti: je, nikubali tutoe damu ya utafiti wa jeni?

Mama wa Wawili (Ahero)

Hamjambo nyote. Nina watoto wawili, binti wa miaka kumi na mmoja na mvulana wa miaka saba, wa baba mmoja na mama mmoja, na wote wawili walipimwa wakapatikana na selimundu ya SS, yaani ugonjwa wa damu waliourithi kwangu na kwa baba yao. Hata hivyo, ukiwatazama utadhani wana magonjwa mawili. Binti alilazwa mara nne mwaka jana, na mara mbili kati ya hizo akaongezewa damu. Kuna usiku nimemkanda miguu hadi alfajiri huku akiniuliza kwa nini ni yeye tu. Mdogo wake alivimba vidole vya mikono na miguu akiwa na miezi tisa, na tangu hapo amelazwa mara moja pekee, tena kwa malaria. Wanakula chungu kimoja, wanalala ndani ya neti za aina moja, na vidonge vya foliki wanapewa kutoka kopo moja.

Mwezi uliopita tulipokwenda kliniki Kisumu tulikutana na watafiti wanaotaka kujua kwa nini wenye selimundu hutofautiana kiasi hiki. Wameomba damu ya watoto wote wawili, yangu, na ya mume wangu anayefanya kazi Nakuru, ili wasome vinasaba vyetu. Walinipa fomu ya kurasa saba nikaisome nyumbani. Mume wangu ameniachia uamuzi, lakini kaka yake mkubwa amekataa katakata. Anasema damu ya ukoo ikishatoka hairudi, na kwamba tutasemwa. Mimi nami sina jibu la kumpa. Naomba mnieleweshe ni kitu gani hasa wanakitafuta ndani ya damu hiyo, kama kitamfaa binti yangu au ni kwa ajili ya watu wa baadaye, na niwaulize nini kabla sijatia sahihi. Tena, na hili ndilo linaloniuma zaidi, je, kuna jambo nililomfanyia mmoja ambalo sikumfanyia mwenzake?

Nesi Mstaafu (Bondo)

Mwanangu, nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Hapana, hakuna ulilomfanyia. Nimehudumu katika wodi ya watoto kwa miaka mingi, na nimewaona ndugu wa tumbo moja, wenye SS wote, mmoja akiwa mgeni wetu wa kila mwezi na mwingine hatumjui hata kwa sura.

Ninaloomba ulitazame ni huyo mvulana aliyetulia. Kutolia kwake kusikufanye ukaamini kwamba ugonjwa wake ni mwepesi, kwa sababu selimundu inaweza kuziba mishipa midogo ya ubongo bila mtoto kulalamika, na dalili pekee ikawa ni kushuka darasani. Kuna kipimo cha kasi ya damu katika mishipa ya ubongo ambacho watoto wenye SS wanapaswa kufanyiwa kila mwaka kuanzia umri wa miaka miwili hadi kumi na sita. Uliza kliniki yenu kinapatikana wapi. Uliza pia kuhusu dawa ya haidroksiyurea kwa wote wawili, na chanjo ya nimonia. Mambo hayo ni haki yao leo, utafiti uwepo au usiwepo.

Mtaalamu wa Maabara (Kakamega)

Mama, nitajaribu kujibu kuhusu wanachokitafuta.

Ndani ya kila chembe nyekundu ya damu mna hemoglobini, protini inayobeba oksijeni. Maagizo ya kutengeneza sehemu yake moja yameandikwa katika jeni, yaani kipande cha vinasaba, iliyo kwenye kromosomu ya 11. Kwa watoto wako herufi moja tu ya maagizo hayo imebadilika, A ikawa T, na kwa sababu hiyo asidi amino (kiungo cha protini) ya sita katika mnyororo wake, ambayo ingekuwa asidi ya glutamiki, imekuwa valini. Mwaka 1949 mwanakemia Linus Pauling na wenzake huko California walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti na ya watu wengine, na mwaka 1956 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akaonyesha kwamba tofauti yenyewe ni ndogo kiasi hicho. Udogo huo usitudanganye, kwa kuwa valini hufanya molekuli za hemoglobini zishikane zinapoachilia oksijeni, zikajipanga kuwa nyuzi ndefu zinazoipinda chembe hadi ikafanana na mundu. Chembe ya kawaida huishi takriban siku 120, lakini hizi huishi siku kumi hadi ishirini hivi, na ndiyo maana damu ya binti inapungua mara kwa mara.

Basi watoto wako wote wawili wana herufi hiyo kutoka kwako na kutoka kwa baba yao. Jeni nyingine zote, hata hivyo, kila mtoto huchotewa upya, nusu kwa mama na nusu kwa baba, na hakuna wawili waliochotewa sawasawa isipokuwa pacha wa kufanana. Humo ndimo wanamotafuta.

Jambo la kwanza watakalolipima, naamini, ni hemoglobini ya mtoto mchanga. Tukiwa tumboni tunatumia hemoglobini ya aina nyingine, ambayo haiingii katika zile nyuzi. Janet Watson, daktari wa watoto wa New York, aliona mwaka 1948 kwamba watoto wachanga wenye selimundu wana chembe chache mno zilizopinda, akadhani hemoglobini hiyo ndiyo inayowakinga. Ndiyo sababu vidole vya mwanao vilivimba akiwa na miezi tisa na si wiki ya kwanza, kwani kinga ilikuwa ikiisha. Kwa watu wengi hemoglobini hii hupungua karibu kumalizika, lakini kwa wengine hubaki kiasi fulani maisha yote, na hao kwa kawaida huumia kidogo kuliko wengine. Mwaka 2008 ilijulikana kwamba jeni inayoitwa BCL11A, iliyo kwenye kromosomu ya 2, ndiyo mojawapo ya swichi zinazoizima. Ilivumbuliwa kwa kulinganisha watu wenye viwango tofauti, wakiwamo wakazi wa kisiwa cha Sardinia, yaani kwa kazi ya namna hii hii unayoombwa kushiriki.

Kuna pia alfa-thalasemia, kasoro nyingine ya hemoglobini iliyo nyingi huku kwetu ambayo watu hurithi bila kujua. Mtu aliye nayo pamoja na SS, chembe zake huvunjika polepole zaidi, ingawa maumivu hayapungui lazima.

Familia yako ina thamani ya pekee kwa swali hili. Malaria, baridi, kukosa maji mwilini na maambukizi vyote huchochea maumivu, na mtafiti anayelinganisha mtoto wa Ahero na wa Kericho hawezi kujua lipi limetokana na jeni na lipi limetokana na mahali. Watoto wako wanalala chumba kimoja.

Mvuvi wa Dunga

Dada, sitaki kukutisha, na ninamheshimu mtaalamu aliyetangulia. Lakini mimi ni baba niliyewahi kutia sahihi. Miaka tisa iliyopita binti yangu alitolewa damu kwa ajili ya utafiti, tukaahidiwa kwamba watarudi kutueleza walichokipata, na hadi leo hakuna aliyebisha hodi. Sijui damu ile iko wapi. Hilo huniumiza kuliko sindano yenyewe ilivyomuumiza mtoto.

Kanda hii imetoa damu kwa muda mrefu. Mtafiti Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alipima watu kutoka pwani hadi ziwani na kukuta kwamba sehemu zenye malaria, ikiwamo hii yetu, zaidi ya asilimia 20 ya watu walikuwa na AS, yaani wamerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu, ilhali nyanda za juu walikuwa wachache sana. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba AS humkinga mtu dhidi ya malaria, na dunia nzima ikafundishwa hivyo. Na hiyo swichi ya BCL11A imezaa tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza mwezi Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, ambako ilitangazwa kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Nani wa Nyando ataigusa? Sikuambii ukatae. Nakuomba uulize ni nani hasa atakayerudi, na lini, na jibu hilo liandikwe.

Mwalimu wa Vihiga

Nimekaa miaka kadhaa kama mjumbe wa kawaida, asiye mwanasayansi, katika kamati ya maadili ya utafiti, na ninakubaliana na ndugu Mvuvi kwamba kutorudi kwa watafiti ni kosa. Ningeongeza tu kwamba si kila utafiti uliishia ng'ambo. Haidroksiyurea, ambayo kazi yake kubwa ni kuipandisha ile hemoglobini ya utotoni, ilijaribiwa kwa watoto 606 wa Angola, Kongo, Uganda na hapa kwetu Kilifi, na matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba maumivu, kuongezewa damu, malaria na hata vifo vilipungua. Madaktari wetu wanaiandika leo kwa ujasiri kwa sababu kuna wazazi waliokubali.

Sasa fomu yako. Tafuta humo namba ya kibali cha kamati ya maadili na ya leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, pamoja na simu ya kamati yenyewe, si ya mtafiti peke yake; zisipokuwamo, usiendelee. Soma panaposema sampuli itahifadhiwa wapi, kwa miaka mingapi, kama itavuka mpaka, na kama itatumika kwa utafiti mwingine ambao bado haujafikiriwa, kwa maana hapo una haki ya kukubali hili na kukataa lile. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za vinasaba kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo uliza ni nani ataweza kuoanisha namba ya sampuli na jina la mtoto. Unaweza kujitoa siku yoyote bila matibabu ya watoto kuguswa. Na binti wa miaka kumi na mmoja aulizwe yeye mwenyewe kabla ya kuguswa mkono.

Liko jambo ambalo watu huona haya kulitaja. Kusoma vinasaba vya baba, mama na watoto pamoja kunaweza kufichua mambo ya uzazi ambayo hakuna aliyeyauliza, katika familia yoyote ile. Waulize watafanya nini na taarifa ya namna hiyo; wengi huandika kwamba hawaitoi kwa mtu yeyote, na hilo liwe wazi kabla.

Kuhusu shemeji yako, wanaotia sahihi ni wazazi, lakini usimpite mzee wa nyumba. Mume wako akiwa na AS, kaka yake wa baba na mama mmoja ana uwezekano wa takriban nusu wa kuwa nayo, na huenda watoto wake mwenyewe watahitaji kujua kabla ya kuoa na kuolewa. Huenda anaogopa kusemwa kwa sababu hajaambiwa kwamba na yeye yumo.

Mama wa Wawili (Ahero)

Nimesoma kila neno, na baadhi nimemsomea mume wangu kwa simu. Namba ya kamati ipo. Fomu inasema sampuli zitahifadhiwa miaka kumi na kwamba sehemu yake itapelekwa nje ya nchi, lakini haisemi kama kiwango cha hemoglobini ya utotoni cha kila mtoto tutaelezwa. Nimewaandikia kuwauliza hilo, na tarehe ya kurudi. Kipimo cha mishipa ya ubongo nimekiombea nafasi kwa mvulana kwanza.

Mtaalamu wa Maabara (Kakamega)

Vizuri sana, Mama. Jambo moja dogo: waambie binti aliongezewa damu lini mara ya mwisho. Chembe za mchangiaji hukaa mwilini kwa wiki nyingi, na kipimo cha aina za hemoglobini kikifanywa kabla ya miezi mitatu kupita kitaonyesha damu ya mtu mwingine pamoja na yake. Usomaji wa vinasaba hauathiriki sana, kwa kuwa unategemea chembe nyeupe.

Mama wa Wawili (Ahero)

Ni wiki tano tu. Nimewapigia, na wamekubali kumsogeza binti hadi miezi mitatu itimie. Wamesema pia kwamba majibu ya hemoglobini yatapelekwa kliniki, nami nimewaambia waliandike hilo kwenye fomu. Mvulana na mimi tutakwenda Jumanne ijayo. Shemeji amesema tutafuatana, kwa kuwa anataka kuoneshwa friji ambamo damu itawekwa, na kuambiwa ile itakayosafiri inakwenda mji gani.