Programu ya kompyuta, miwani ya VR au mdoli, tununue kipi?

Mkufunzi_K: Wadau habari zenu. Chuo kimetoa hela ya kitu kimoja tu cha kuwafundishia wanafunzi wa uuguzi na utabibu kabla hawajaingia wodini. Tumebaki na vitatu, programu ya mgonjwa wa kwenye skrini, miwani ya VR (ukiivaa unajiona uko ndani ya wodi ya kuigiza), au mdoli mwenye sensa anayepumua na kutoa mapigo. Mnaonaje?

nesi_mkongwe: Mdoli tu, hapo hata sijiulizi. Kukandamiza kifua kwa mtu mzima ambaye moyo umesimama lazima ushuke sentimita 5 mpaka 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, alafu uachie kifua kirudi juu chote, sasa hiyo utaijulia wapi kwa kubofya mausi? Resusci Anne, yule mdoli wa kujifunzia kukandamiza kifua, yupo toka 1960 na bado anapiga kazi.

dokta_mtarajiwa: Nakupinga kidogo mkuu. Mi programu ndo ilinifungua kichwa, mgonjwa analetwa ana homa, presha iko chini, moyo unakimbia, unaulizwa unaanza na nini, ukizubaa kuweka drip na antibayotiki unaona namba zinaporomoka hapohapo. Ukiharibu unarudia usiku uleule na hamna aliyeumia. Mdoli mmoja darasa zima mnapanga foleni, unamgusa kidogo tu "haya mwingine"!!

kijana_wa_VR: VR iko poa kwa kuzoea vurugu za emajensi, nani ashike nini, nani aite msaada. Ila kuchoma sindano hapana, mshipa huusikii, kontrola inatetemeka tu mkononi. Na kuna watu inawapa kizunguzungu balaa.

Mama_Wodi: Mnabishania mashine mnamsahau mwalimu. Kule Marekani NCSBN, baraza la bodi za uuguzi, walitoa utafiti 2014, wanafunzi waliofanya nusu ya saa zao za vitendo kwa simulesheni (mazoezi ya kuigiza) hawakuachwa na wenzao wa wodini, LAKINI wakufunzi walikuwa wamefundishwa na baada ya zoezi watu wanakaa chini kujadili nini kimetokea na kwa nini. Bila hicho kikao ni gemu tu hilo. Chukua programu, kanula (kile kibomba cha drip) wachomee mkono wa plastiki.

Mkufunzi_K: Mkono wa plastiki tunao japo ngozi yake imechoka kwa kutobolewa, na kiwiliwili cha CPR (cha kukandamiza kifua) kipo. Basi naegemea programu. Leseni inalipiwa kwa kichwa au kwa kompyuta?

dokta_mtarajiwa: Inategemea kampuni. We kabla hujasaini uliza kama inafanya kazi bila intaneti.

nesi_mkongwe: Na ununue ngozi mpya ya huo mkono 😂