Tuiachie kompyuta itutajie nani gaidi? Tujadili, Wazanzibari

Mleta mada, Unguja Mjini

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba.

Hoja hii huibuka kila tukikaa barazani na haifiki mwisho. Wako wanaosema kwamba kwa kuwa tuna ZanID, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na laini za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole, kilichobaki ni kuziunganisha kanzidata zote: vitambulisho, simu, miamala ya pesa, tiketi za boti, wageni wa hoteli. Kisha programu izichambue usiku na mchana, itutajie nani anaelekea kwenye ugaidi kabla hajafanya kitu. Mimi napinga. Sipingi polisi kufungua kanzidata. Napinga kuwapekua watu wote ili apatikane mmoja.

Nianze na kisa kinachotugusa. Agosti 7, 1998 balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zilipigwa mabomu, wakafa watu zaidi ya 200. Mmoja wa waliokuja kuhukumiwa, Khalfan Khamis Mohamed, ni Mzanzibari mwenzetu. Alikimbilia Cape Town akaomba hifadhi ya ukimbizi kwa jina la uongo. Alikamatwa Oktoba 1999, baada ya mpelelezi aliyekuwa akipekua mafaili ya waomba hifadhi kuitambua picha yake. Jina halikusaidia kitu, kwa sababu halikuwa lake. Kilichosaidia ni kwamba tukio lilishajulikana, mtuhumiwa alishajulikana, na mtu mwenye kujua anachokitafuta akakaa na faili mbele yake.

Sasa tazameni njia ya pili. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 huko Marekani, polisi wa Ujerumani walikusanya taarifa za mamilioni ya watu kutoka vyuo vikuu, ofisi za wakaazi na daftari la raia wa kigeni, wakazichuja kwa sifa: mwanamme, umri wa miaka 18 hadi 40, mwanafunzi au aliyewahi kusoma chuo, dini Uislamu, na nchi alikozaliwa. Hakupatikana hata gaidi mmoja aliyejificha. Aprili 2006, kwa malalamiko ya mwanafunzi wa Morocco, Mahakama ya Katiba ya huko ikasema upekuzi wa namna hiyo haukubaliki ila pakiwa na hatari ya kweli inayoonekana.

Wekeni sifa hizo hapa kwetu, muone chujio litamwacha nani. Mwanamme, kijana, Muislamu, kasoma. Ni kila barza ya Unguja na Pemba.

Kisha kuna hesabu. Sensa ya 2022 imetuhesabu watu 1,889,773. Tuseme mashine hiyo ni hodari kupita zote duniani, inakosea mara moja tu katika kila watu 100. Itawanyooshea kidole wasio na hatia karibu 18,900. Hawa hawaenei Uwanja wa Amaan. Na kama wabaya wa kweli ni kumi, watazama humo humo, na askari watakuwa wanagonga milango ya watu waliolala na watoto wao.

Nasubiri hoja zenu.

Mchangiaji, Mwanakwerekwe

Kaka, nimekusoma mpaka mwisho, lakini naona unasahau tulikotoka. Novemba 2012 Sheikh Fadhil Soraga alimwagiwa tindikali. Februari 2013 Padri Evaristus Mushi alipigwa risasi akafa. Tuliishi na hofu hapa, watu wakiangaliana kwa jicho baya, na wageni wakaanza kutukimbia. Wewe unaogopa askari kugonga mlango, mimi naogopa bomu Darajani siku ya kuamkia sikukuu.

Na kisa cha Septemba 11 kinasema kinyume na unavyosema wewe. Wawili katika walioteka ndege zile, al-Mihdhar na al-Hazmi, walijulikana na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, tangu mwanzo wa 2000. Majina yao hayakuingizwa kwenye orodha ya kuzuiliwa mpaka Agosti 2001, na wakati huo walishaingia Marekani. Taarifa zilikuwepo, zimekaa ofisi mbalimbali, kila mmoja kafunga kabati lake. Kutounganisha nako kunaua.

Mleta mada

Dada yangu, hilo la al-Mihdhar nalikubali lote. Lakini angalia vizuri: wale walikuwa na majina na walishatiliwa shaka. Kosa lilikuwa ofisi moja kutoiambia nyengine. Hapo dawa ni kupeana taarifa za mtu anayejulikana, na hilo mimi sina ugomvi nalo. Kuchuja simu za watu milioni mbili ni jambo jengine kabisa.

Wamarekani wamelijaribu hilo. Kwa miaka walikusanya kumbukumbu za simu za takriban kila mtu nchini mwao: nani kampigia nani, saa ngapi, kwa muda gani. Edward Snowden alipolifichua mwaka 2013, bodi yao ya kusimamia faragha na haki za raia ikauchunguza mpango huo. Ripoti yake ya Januari 2014 ilisema haikuona hata kesi moja ya ugaidi ambayo mpango ule ulibadilisha matokeo ya upelelezi. Wana fedha na mitambo tusiyoweza kuiota.

Mchangiaji, Wete

Mie nawauliza wote wawili: hizo data zenyewe mnaziamini? Sisi wa Pemba hatujasahau usiku wa Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilipozama ikija kwetu. Orodha ya abiria haikulingana na watu waliokuwemo, na idadi yao inabishaniwa mpaka leo. Watu wamezika bila ya maiti. Daftari lilisema kitu, bahari ikasema chengine. Leo niambiwe kompyuta imesoma orodha kama ile ikamwona fulani kuwa wa hatari?

Mchangiaji, Malindi

Naunga mkono wa Wete, kwa sababu kukata tiketi ndiyo kazi yangu. Anakuja mzee mmoja na kitambulisho kimoja, anakatia watu wanne. Anataja majina kwa mdomo, nyuma yake foleni inasukuma, nami naandika nilivyosikia: Khamis au Hamis, Suleiman au Seleman, Mwanaisha kwa neno moja au mawili. Ali Juma Ali wa Mkoani na Ali Juma Ali wa Bububu kwangu ni mstari mmoja. Ndugu yangu mwenye jina la kawaida kama hilo alizuiwa saa nyingi kwenye kiwanja cha ndege cha nchi moja. Aliachiwa bila ya kuambiwa alifanana na nani, na kila akisafiri anaogopa.

Mleta mada

Na hilo halimchagui mnyonge peke yake. Mwaka 2004 Seneta Edward Kennedy, mtu aliyejulikana Marekani nzima, alizuiwa mara kadhaa uwanjani kwa sababu jina lake lilifanana na la kwenye orodha ya washukiwa. Yeye alikuwa na simu ya kumpigia waziri. Kijana wa Micheweni atampigia nani?

Lakini nataka kurudi kwa dada wa Mwanakwerekwe, kwa sababu hofu yake ni ya haki. Disemba 25, 2009 kijana wa Kinigeria, Umar Farouk Abdulmutallab, alipanda ndege ya kwenda Detroit na bomu nguoni. Aliyetoa taarifa kabla ni baba yake mzazi. Mwezi mmoja nyuma alikwenda mwenyewe ubalozi wa Marekani Abuja akasema anahofia mwanawe. Jina likaingizwa kwenye kanzidata kubwa, lakini halikufika kwenye orodha ya wasioruhusiwa kupanda ndege. Hata walipoitafuta viza yake hawakuiona mwanzo, kwa kuwa jina liliandikwa kwa makosa. Bomu halikuripuka sawasawa, na abiria wakamdhibiti.

Baba yule ana thamani kuliko mitambo yote. Sasa jiulize, hapa kwetu mzazi atakwenda? Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya hapa kwetu, walishitakiwa kwa ugaidi mwaka 2014, wakapelekwa Bara, wakakaa mahabusu mpaka Juni 2021 mashtaka yalipofutwa, bila ya kesi kusikilizwa ikaisha. Sisemi hapa nani alikuwa sahihi katika siasa zile. Nasema mama aliyeshuhudia hayo, siku akimwona mwanawe kabadilika, atafunga mdomo. Mkianza kuwachuja watu wote, mtawafunga mdomo na waliobaki.

Mchangiaji, Mwanakwerekwe

Hapo kwa baba umenigusa. Nami najua sheha wetu hupata habari kwa sababu watu wanamwendea wenyewe, hawasukumwi. Lakini hujaniambia unachotaka wewe. Kupinga peke yake hakunilindi.

Mleta mada

Nataka upekuzi uanze kwa mtuhumiwa mwenye sababu ya kushukiwa, kisha utoke kwake kwenda kwa aliowasiliana nao. Kibali kitoke kwa jaji. Kila afisa anayefungua faili la mtu, mfumo uandike nani kafungua na lini. Na mwenye jina lililokosewa awe na pahala pa kwenda likarekebishwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kazi Mei 2023, lakini imeacha mlango mpana kwa mambo ya usalama wa taifa. Mlango huo ndio unaotaka jaji.

Mchangiaji, Mwanakwerekwe

Jaji nakubali, kwa sharti awepo wa zamu hata Ijumaa usiku na kibali kitoke ndani ya saa chache. Bomu halingoji Jumatatu.

Mchangiaji, Wete

Na Chake Chake awepo wake. Tusije tukaambiwa tungoje boti ya asubuhi.