Mbegu imebadilishwa, jina kwenye mfuko limebaki: sawa au si sawa?

Mtoa hoja
Wakuu, kule Akita, kaskazini mwa Japani, wanalima mchele maarufu wa Akitakomachi. Mkoa ule ulijaa migodi, na baadhi ya majaruba yamebaki na kadmiamu, metali yenye sumu, ile ile iliyolainisha mifupa ya watu wa bonde la mto Jinzu, mkoa mwingine wa Japani, mpaka ugonjwa ukaitwa itai-itai, yaani "inauma, inauma". Kuanzia msimu wa 2025 mkoa umeingiza mbegu ya Akitakomachi R. Asili yake ni mbegu za Koshihikari, aina nyingine ya mpunga wa Kijapani, zilizopigwa mionzi ya kaboni: herufi moja ikadondoka kwenye jeni ya OsNRAMP5, mzizi ukapoteza mlango wa kuingizia kadmiamu. Mbegu sina ugomvi nayo. Ninachokataa ni mfuko, maana R inaruhusiwa kuuzwa kwa jina lile lile la Akitakomachi. Mlaji atajuaje?

Bwana Shamba Mstaafu
Kwa hiyo iandikwe "mchele wa mionzi"? Iliyopigwa mionzi ni bibi yake bibi wa hiyo mbegu. Wali wa leo hauna mionzi hata chembe. Neno moja tu hilo na soko la mkulima limekufa.

Mtoa hoja
Sijasema mionzi, mzee wangu. Nimesema iandikwe R. Kama herufi moja ilitosha kubadilisha jeni, mfukoni inashindikana nini?

Binti wa Maabara
Mimi nilikuwa najiuliza kwa nini wafunge mlango badala ya kuongeza walinzi wa ndani. Nafaka zina metalothionini, protini fupi zenye salfa nyingi zinazokamata metali (familia yenyewe iligunduliwa 1957 kwenye figo la farasi, mpo?). Lakini mmea kuvumilia sumu ni jambo moja, mlaji kusalimika ni lingine. Metali ikikamatwa ndani ya punje, mpunga umestawi na wewe umeila. La maana ni ikamatwe wapi. Jeni ya OsHMA3, kwa mfano, huisukuma kadmiamu kwenye vakuoli (vifuko vya ndani ya seli) za mzizi na kuifungia humo. Sasa mlango wa OsNRAMP5 ndio huo huo unaopitisha manganisi, madini ambayo mpunga unayahitaji. Kwenye udongo wenye manganisi kidogo, R hushikwa upesi na ugonjwa wa madoa ya kahawia. Hilo ndilo mkulima angeambiwa kwanza, kabla ya habari za mfuko.

Mkulima wa Mkindo
Huku Morogoro kwenye kilimo shadidi tunakausha jaruba mpaka udongo uanze kupasuka, ndipo tunarudisha maji. Nasikia kukausha ndiko kunakoiamsha kadmiamu. Ukiloweka moja kwa moja inatulia, inaamka aseniki, sumu nyingine. Wajapani walikuwa wanajaza maji wiki za masuke kutoka, wanakwepa moja wanaangukia nyingine. Kwa mbegu hiyo mtu anakausha bila hofu. Mimi ningeichukua, jina mtapanga nyie wanunuzi.

Mtoa hoja
Si wangeondoa huo udongo basi?

Bwana Shamba Mstaafu
Jinzu walifanya. Zaidi ya hekta 800, kazi ikaisha 2012 baada ya miaka zaidi ya 30, na kule kampuni ya mgodi ilikuwa imeshashindwa mahakamani. Akita migodi mingi ilishafungwa. Bili utampelekea nani? Na mchele ukizidi miligramu 0.4 za kadmiamu kwa kilo, hauuzwi.